Ficha namba kwanza: kisa cha mwanafunzi wa darasa la tano, Katuba

"Mfanyabiashara amenunua mfuko wa unga kwa franka 48,000. Amelipa franka 6,000 pungufu ya jirani yake. Jirani amelipa franka ngapi?"

Fumbo hilo liliandikwa ubaoni kwa Kifaransa, na binti wa miaka kumi na mmoja, wa darasa la tano katika komini ya Katuba mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akalijibu daftarini mwake hivi: 48,000 − 6,000 = 42,000. Utoaji wenyewe hauna kosa. Tarakimu zimekaa chini ya tarakimu, mstari umepigwa kwa rula, jibu limekolezwa kwa wino. Lakini jirani alilipa 54,000. Ukilisoma jibu la binti pamoja na fumbo, yule anayesemwa kulipa pungufu ndiye aliyelipa zaidi, na jambo hilo halikumsumbua hata kidogo.

Nakieleza kisa hiki kimoja kwa kirefu kwa sababu hukumu iliyokuwa imekwisha kutolewa juu ya mtoto huyu ndiyo inayotolewa juu ya watoto wengi wa mji wetu: hajui hesabu. Hukumu hiyo haikuwa ya kweli. Na mtoto akishaiamini mwenyewe, kumtoa humo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha kugawanya.

Analelewa na mama yake mdogo, mchuuzi wa unga wa mahindi na maharagwe katika soko la Kenya, komini nyingine ya Lubumbashi. Mama huyo ndiye aliyenitafuta. "Mwalimu," alisema, "ku soko anahesabu muzuri, ku masomo hapana. Batamudublisha." Alihofia mtoto atarudishwa kukaa tena darasa lilelile, na bulletini, yaani ripoti ya shule, ya kipindi cha kwanza, yenye pointi za hesabu kwa wino mwekundu, ilimpa kila sababu ya kuhofia. Mimi nilishikwa na ile sentensi yake ya mwanzo. Mtoto anayehesabu vizuri sokoni na kushindwa shuleni hajapungukiwa na hesabu. Kuna kitu kinampata njiani kati ya soko na daftari, na kazi ilikuwa kukitafuta.

Kabla ya kumfundisha chochote niliomba madaftari yake. Hesabu tupu, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha kwa tarakimu mbili, hata kugawanya kwenye desimali, karibu zote alikuwa amezipata. Mafumbo karibu yote yalikuwa na msalaba. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha huweka msalaba akaendelea mbele, na simlaumu. Lakini ukikaa na makosa yenyewe utaona hayafanani.

Mengine yaliamuliwa na neno moja. Akiona "de plus" (zaidi) anajumlisha. Akiona "de moins" (pungufu) anatoa. Akiona "chacun" (kila mmoja) anagawanya, hata pale ambapo watoto wanane wamepewa kila mmoja daftari tatu na swali linataka jumla ya daftari. Mengine yalitokana na imani kwamba kila namba iliyoandikwa lazima itumike. Fumbo likisema mama wa miaka 35 amenunua mayai 30, ile 35 itaingizwa mahali fulani, liwe liwalo. Na kulikuwa na majibu yasiyowezekana ambayo ameyaacha yakae: trei ya mayai 30 inagharimu franka 12,000, yai moja ni bei gani? Ameandika franka 360,000. Huyu ni mtoto anayeshinda sokoni jioni, anayejua bei ya yai kuliko mimi. Anapofungua daftari, lile yai linaacha kuwa yai. Linakuwa namba mbili zinazosubiri alama katikati yake.

Macho yake nilihakikisha ni mazima: hakuna mahali aliponakili namba vibaya kutoka ubaoni. Kusoma anasoma, tena Kifaransa anakisoma kwa sauti bila kugugumia, na hilo ndilo lililowadanganya watu wa shule na wa nyumbani. Nikampa fumbo lisilo na jibu ili nione atafanya nini.

Fumbo lenyewe lina historia. Karibu na mwaka 1980, kituo cha utafiti wa ufundishaji wa hesabu cha Grenoble, Ufaransa, kiliwauliza watoto wa madarasa ya chini: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97 walioulizwa, 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuzichanganya namba hizo. Walimu wa Ufaransa walitikisika, maana hao hawakuwa watoto walioshindikana. Binti yetu naye alifikiri kidogo, akaandika 36. Nikamuuliza kwa nini amejumlisha. "Juu namba ziko mbili, Mwalimu, na hakuna 'reste' (baki)."

Jibu hilo lina akili nyingi ndani yake, na naomba msomaji alisome tena. Mtoto ana kanuni, anaifuata kwa uaminifu, na anaweza kuieleza. Darasani hajawahi kukuta swali lisilo na jibu. Kila namba aliyopewa na mwalimu ilikuwa na kazi. Na kuna maneno aliyofundishwa kuwa ndiyo yanayochagua alama. Kwa kanuni hizo, 36 ni jibu la mwanafunzi mtiifu. Alichojifunza si kile tulichodhani tunamfundisha.

Sokoni hali ni nyingine kabisa. Nilikaa pembeni ya meza ya mama yake mdogo nikamsikiliza. Mteja anataka meka tatu za unga, yaani vipimo vitatu vya sokoni, meka moja ni franka 2,800, anatoa noti ya 10,000. Binti hagusi kalamu. Anafanya meka kuwa 3,000, mara tatu ni 9,000. Amezidisha 200 mara tatu, anaondoa 600, inabaki 8,400. Kisha anapanda kutoka hapo: 600 inafika 9,000, na 1,000 inafika 10,000. Anarudisha 1,600 mteja akiwa bado anafunga mfuko wake. Hiyo ni hesabu ya hatua nyingi, yenye makadirio na masahihisho, na kila hatua inajua kwa nini ipo.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti juu ya watoto watano wachuuzi wa mitaani mjini Recife, Brazili, wenye umri kati ya miaka 9 na 15. Maswali waliyoulizwa wakiwa kwenye biashara yao waliyapata kwa asilimia 98.2. Hesabu zilezile zikiletwa kwenye karatasi kama mafumbo, asilimia 73.7. Zikiletwa tupu, namba na alama peke yake, asilimia 36.8. Utafiti huo hutajwa mara nyingi kuonyesha kwamba akili ya hesabu inaishi mtaani pia, na ni kweli. Mimi hapa ninavutwa na tofauti iliyopo kati ya Recife na Katuba. Wale watoto, fumbo liliwasaidia kuliko hesabu tupu, kwa sababu fumbo liliwakumbusha nazi na pesa. Kwa binti yetu mambo yamepinduka: hesabu tupu anazipata, fumbo linamwangusha. Kwa nini? Wale wa Recife mafumbo yao yalikuwa katika lugha wanayonunulia na kuuzia. Ya kwetu hayako hivyo.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, na programu ya shule za msingi inataka miaka ya mwanzo isomeshwe kwa lugha ya taifa. Mtoto akifika darasa la tano, ubao mzima ni Kifaransa. Namba za Kifaransa hazimsumbui. Sokoni Lubumbashi bei hutajwa kwa Kifaransa kutwa nzima, na "septante" (sabini) na "nonante" (tisini) anazisikia tangu mgongoni mwa mama. Kinachomponyoka ni vile vijineno vidogo vinavyofunga uhusiano wa vitu: "de moins que" (pungufu kuliko), "autant que" (sawa na), "dont" (miongoni mwake), "à raison de" (kwa kiwango cha). Anavisoma, sauti inatoka safi, lakini havimwambii nani ana nyingi na nani ana kidogo. Anachofanya ni kuchomoa kipande anachokifahamu, "moins", na kukishika hicho.

Basi nikamsimulia mafumbo yaleyale kwa Kiswahili. Hapa kuna mtego ambao mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hataushuku, nao unahusu kitenzi kimoja kinachobeba nusu ya mafumbo ya shule ya msingi. Lubumbashi, kuuza ni kutoa pesa upate kitu. Anayetoa kitu apate pesa, huyo anauzisha. Mwalimu akisoma kutoka kitabu cha Kiswahili sanifu kwamba mama "ameuza" mfuko kwa 48,000, mtoto wa Katuba anaona mama akirudi nyumbani na mfuko kichwani. Faida inageuka hasara kabla hesabu haijaanza. Kwa hiyo simulizi zote zilikwenda kwa maneno ya nyumbani kwake: kuuza, kuuzisha, bunga, kupita.

Matokeo yalikuwa ya kufundisha. Mafumbo ya kundi la tatu, yale ya yai la 360,000, yalipona karibu yote pale pale. Alipoyasikia kwa lugha yake aliona upuuzi wa jibu bila kuambiwa. Yale ya kulinganisha hayakupona. Nilimsimulia habari ya mfuko na jirani kwa Kiswahili chake, na bado alinijibu 42,000. Kwa hiyo lugha ilikuwa sehemu ya tatizo tu. Ile tabia ya kurukia namba ilikuwa imeshahamia hata kwenye Kiswahili.

Na tabia hiyo si ya watoto peke yao. Mwaka 1995 Mary Hegarty, Richard Mayer na Christopher Monk, huko Marekani, walifuatilia macho ya wanafunzi wa chuo kikuu wakisoma mafumbo ya kulinganisha ya namna hii. Waliokuwa wakikosea walirudisha macho kwenye namba na maneno kama "pungufu" na "zaidi". Waliokuwa wakipata walirudi kwenye majina ya vitu vinavyozungumziwa: nani, nini. Waliokosea walikuwa wanatafuta alama ya kuweka. Wenzao walikuwa wanajenga hali nzima kichwani. Binti yetu alikuwa na mazoea ya kuzungushia namba duara kwa kalamu kabla hata hajamaliza sentensi ya kwanza.

Tiba niliyoichagua ni kumnyima namba.

Nilimwandikia fumbo kwa chaki kwenye saruji ya baraza: Mama moya aliuza mufuko ya bunga. Alilipa kidogo kupita jirani yake. Basi. Hakuna kingine. Alinitazama. "Namba ziko wapi? Bila namba nitafanya nini?" Nikamwambia namba zitakuja baadaye, kwanza anieleze nini kimetokea. Nani alilipa mingi? "Jirani." Halikuchukua hata pumzi moja. Nikamwomba achore pesa za mama na pesa za jirani kama mistatili miwili mirefu, mmoja juu ya mwingine, akauchora wa jirani mrefu zaidi. Nikauliza ule urefu uliozidi ni kitu gani. "Ni ile mama alikosa kulipa." Hapo ndipo nikampa 6,000 aiweke mahali pake, akaiweka penye kile kipande kilichozidi. Mwisho kabisa nikampa 48,000. Akaiandika ndani ya mstatili mfupi, akakaa kimya, kisha akasema 54,000. Hakuuliza "ni plus ao ni moins", swali ambalo awali lilikuwa likimtoka kinywani kabla ya jingine lolote.

Michoro hii ya mistatili sikuibuni. Singapore iliiingiza katika shule zake za msingi miaka ya 1980, watoto wake walipokuwa wanashindwa mafumbo kama wetu, na tangu hapo imesambaa nchi nyingi. Uzuri wake kwetu ni kwamba haidai kitabu, haidai umeme, wala haidai Kifaransa. Chaki inatosha. Lakini naisisitiza hatua iliyotangulia mchoro, ile ya kusimulia bila namba, kwa sababu mchoro unaoanzia kwenye namba unaweza kuchorwa vibaya kwa utulivu ule ule wa kutoa 6,000 kwenye 48,000.

Tulibaki kwenye mafumbo ya kununua na kuuzisha kwa muda mrefu. Humo ndimo alimo na nguvu, na humo ndimo mitihani yetu inamo. Fumbo la faida lilimwonyesha yeye mwenyewe jinsi anavyogawanyika watu wawili. Mfuko wa kilo 25 umenunuliwa kwa 50,000, usafiri ni 2,500, kilo moja inauzishwa 2,400. Faida ni ngapi? Daftarini aliandika 60,000 − 50,000 = 10,000. Usafiri ameuacha. Nikamuuliza mama yake mdogo, aliyekuwa anachagua maharagwe hapo hapo, kama anaweza kusahau pesa ya usafiri akipiga hesabu ya jioni. Mama alicheka kwa sauti: "Nisahau? Na mwenye mukokoteni nitamulipa na nini?" Binti akafuta. 52,500 zimetoka, 60,000 zimeingia, 7,500 ndiyo faida. Tangu siku ile nilimtaka kila fumbo la biashara alisimulie kwanza kama vile anamweleza mama mdogo mambo ya siku: pesa gani zimetoka mkononi, pesa gani zimeingia. Zile kanuni za shule, bei ya kununulia, gharama, bei ya kuuzia, faida, zikapata mahali pa kukaa.

Mgawanyo usio sawa ulikuja baadaye, nao ni sura ngumu katika darasa la tano na la sita. Watoto wawili wanagawana franka 12,000, mmoja apate 2,000 kupita mwenzake. Jibu lake la kwanza lilikuwa 6,000 na 8,000. Sikumwambia amekosea. Nilimwomba azirudishe pesa zote mezani azihesabu. "Elfu kumi na ine," akasema, akakunja uso. "Zile elfu mbili zimetoka wapi?" Swali hilo alijiuliza mwenyewe, na kwangu lilikuwa na thamani kuliko majibu sahihi ya ukurasa mzima. Akachora mistatili miwili, akaukata ule uliozidi, akaondoa 2,000 kwanza, akagawa 10,000 iliyobaki: 5,000 na 7,000.

George Pólya, mwanahisabati aliyezaliwa Budapest mwaka 1887, aliipanga kazi ya kutatua fumbo katika hatua nne: kulielewa, kupanga njia, kuifuata, na kurudi kutazama ulichopata. Katika shule zetu hatua ya tatu ndiyo inayopewa pointi karibu zote, na mtoto anajua kusoma mahali pointi zilipo. Ya nne haina hata nafasi kwenye karatasi. Ndiyo maana nilianza kumpa alama ya vema kwa kila jibu baya alilolikamata mwenyewe, sawa na kwa jibu sahihi. Mama yake mdogo hakupenda mwanzoni, aliona ninamdekeza. Sijabadilisha msimamo.

Fumbo la kugawanya lenye baki lilikuwa kipimo kizuri. Wanafunzi 100 wanakwenda kuona wanyama kwenye bustani ya Lubumbashi, kila basi dogo lina nafasi 18. Mabasi mangapi yanahitajika? Mwaka 1983, katika upimaji wa kitaifa wa Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa swali la aina hii: askari 1,128, basi moja askari 36. Asilimia 70 hivi walifanya mgawanyo vizuri, wakapata 31 na baki 12. Waliojibu mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu. Wengi waliandika "31 baki 12", kana kwamba kuna basi linaloitwa baki. Binti yetu alipata 5 na baki 10, akataka kuandika hivyo hivyo, kisha akasimama. "Hawa kumi watabakia ku masomo?" Akaandika 6. Hapo nilijua anasoma.

Sasa niseme juu ya chati moja. Darasani mwake, ukutani, kuna karatasi kubwa iliyoandikwa kwa mkono mzuri: "plus" jumlisha, "moins" na "reste" toa, "fois" zidisha, "chacun" gawanya. Ninaipinga, na nilimwambia mwalimu wake hivyo kwa heshima. Katika darasa la pili na la tatu chati inatoa majibu sahihi mara nyingi, kwa sababu mafumbo ya huko yameandikwa yaendane nayo, na kwa hiyo inajenga imani. Kufikia la tano inaanza kusaliti, na mtoto aliyeitegemea hana kingine cha kushika. Ninaona ni bora mtoto abaki bila chati yoyote kuliko na ile.

Mwalimu alinisikiliza, akanijibu kwa haki kabisa. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, watoto wamejaa. Wanabanana dawatini, na wengine wamekuja bila kujua kusoma. Mwisho wa darasa la sita kuna mtihani wa taifa, na wazazi wanamhukumu kwa huo. Chati, alisema, inamwezesha hata mtoto aliyeachwa nyuma kuandika kitu. Sina dharau kwa jibu hilo. Mwenye mtoto mmoja barazani, kama nilivyokuwa mimi, hana haki ya kumwelekeza mwenye darasa zima bila kuuliza kinachowezekana.

Tulikubaliana jambo dogo: fumbo moja bila namba kila asubuhi, kabla ya somo la hesabu, kwa mdomo, kwa Kiswahili cha mtaani, kisha sentensi ileile ya Kifaransa chini yake ubaoni. Wanafunzi wanaelezana wawili wawili: nini kimetokea, nani ana nyingi, swali linaweza kuwa lipi. Dakika chache tu. Namba zinakuja mwisho. Hilo lilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia wote wawili, hasa kwa watoto wa nyuma, ambao kwa kawaida hawafungui kinywa kwenye hesabu na hapa walikuwa na la kusema. Kifaransa nacho kilinufaika: "de moins que" ilipokaa chini ya "kidogo kupita" kila siku, ikaanza kueleweka yote kwa pamoja badala ya kuchomolewa neno moja.

Mistatili haikwenda vizuri darasani. Wengi waliichora kwa sababu mwalimu kaichora, urefu wowote, namba popote, kisha wakarudi kwenye chati yao ya kichwani. Mwalimu akaiacha kwa sasa, anaitumia na kikundi kidogo cha Jumamosi. Nadhani ameamua vema. Mchoro unaodaiwa kwa kila fumbo unageuka amri nyingine ya kutii, na utii ndio uliotufikisha kwenye nahodha wa miaka 36.

Binti mwenyewe amepanda. Pointi zake za hesabu si nyekundu tena, na mafumbo ya hatua mbili anayapata mara nyingi, ingawa taratibu. Anachelewa kuliko wenzake kwa sababu anasoma kweli. Yapo yanayobaki. Mafumbo ya nafasi kati ya miti yalimsumbua: barabara ya mita 60, mti kila mita 5, mwanzo na mwisho pia, miti mingapi? Alipata 12, akashikilia 12, mpaka alipopanga mawe chini kwa umbali mdogo na kuhesabu mawe na mapengo kila kimoja peke yake. Jibu la 13 amelikubali, lakini barabara ikizunguka kiwanja, mahali ambapo miti na mapengo hulingana, bado anasitasita.

Na riba bado hatujaigusa. Hiyo itampata darasa la sita, na hapo soko halitamsaidia kama kwenye faida. Mama yake mdogo yumo katika likelemba, yaani upatu: pesa zinazunguka mkono kwa mkono na kila mtu anatoa sawa na anachopokea. Mtoto hajaona pesa ikizaa. Kwa hiyo asilimia, mtaji, muda na riba vitamjia vyote kwa mpigo, vyote kwa Kifaransa. Nimekwisha andaa fumbo la kwanza: mama amekopa pesa ya mfuko wa unga, na baada ya miezi kadhaa amerudisha nyingi kupita alizochukua. Namba hakuna. Nitamuuliza kwanza nani amefaidika, nani amengoja, na mwenye kukopesha angedai ngapi kama mama angechelewa mara mbili ya muda ule.